Msimu Mzima na Timu Isiyokuwepo

Najua, nimepotea. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimehama mtaa, kama nimeoa, au kama nimeacha tarakilishi nikaenda kulima. La hasha! Nipo papa hapa Umoja, Eastlands, Nairobi, ghorofa ya nne, maji yanakuja yakipenda. Nilikuwa nimebanwa na kazi ya ukocha.

Ndiyo, ukocha. Timu yangu inaitwa Mutura United. Haina uwanja, haina jezi, na hakuna mchezaji wake hata mmoja anayejua kwamba ananichezea. Nimeiongoza kuanzia Agosti 2024 hadi Mei 2025, na leo nataka kuwasimulia msimu huo. Kuna hadithi ya programu humu, kuna hesabu kidogo (msikimbie!), na kuna jambo moja ambalo limenikaa rohoni tangu Februari ile. Nimemwomba ruhusa mhusika, akasema niandike ila nisitaje jina. Basi tuanze.

Kwa wasiojua: mchezo wenyewe ni fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, FPL kwa kifupi. Unapewa pauni milioni 100 za uongo. Unanunua wachezaji 15 wa kweli: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, na huruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Wanapocheza mechi zao za kweli, wewe unapata pointi. Kiungo akifunga, pointi 5. Mshambuliaji akifunga, 4. Beki akifunga, 6. Pasi ya bao, 3. Beki ambaye timu yake haikufungwa, 4. Mmoja unamfanya kapteni na pointi zake zinahesabiwa mara mbili. Kila wiki unaruhusiwa kubadilisha mchezaji mmoja bure; ukitaka zaidi ya uliowekewa, kila mmoja unakukata pointi 4. Hivyo hivyo wiki 38.

Mchezo huu rasmi ulianza msimu wa 2002/03, lakini wazo lenyewe ni la zamani na halikuanzia kwenye kandanda. Mwaka 1980 mwandishi mmoja Mmarekani, Daniel Okrent, alianzisha na rafiki zake ligi ya namna hii ya besiboli. Walikuwa wakikutana katika mkahawa wa New York ulioitwa La Rotisserie Française, na ligi ikapewa jina la mkahawa. Hapakuwa na mtandao. Takwimu walizitoa magazetini, wakajumlisha kwa mkono. Niliposoma habari hiyo nilicheka, kwa sababu sisi nasi ligi yetu imepewa jina la mahali tunapokutana. Wao mkahawa wa Kifaransa, sisi kwa kinyozi.

Ligi ya Kinyozi ina watu 16. Yumo kinyozi mwenyewe, yumo fundi wa simu wa pale nje, walimu wawili, makanga mmoja, mama anayeuza chapati ng'ambo ya barabara, soja wa geti la ploti yetu, mzee mmoja mstaafu ambaye ameteseka na Arsenal tangu enzi za redio, na mimi. Wengine ni majirani wa Tena na Donholm. Kila mtu anatoa shilingi 500 mwanzoni mwa msimu. Jumla 8,000. Wa kwanza anapata 5,000, wa pili 2,000, wa tatu 1,000. Pesa anaweka mama wa chapati, kwa sababu ndiye pekee ambaye hakuna anayethubutu kumkopa.

Na msidhani ni mchezo wa mbali usiotuhusu. Victor Wanyama, mtoto wa Muthurwa hapa hapa Eastlands, aliposajiliwa na Southampton mwaka 2013 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, mtaa mzima ulikuwa unamfuatilia. Mzee wa Arsenal husema tangu siku hiyo aliamini kwamba orodha ile ya wachezaji ina mlango wa kuingilia kwetu.

Sasa, mimi ni mtu wa programu. Na ugonjwa wa watu wa programu mnaujua: jambo linaloweza kufanywa kwa dakika kumi kwa akili ya kawaida, sisi tutalitumia wiki sita ili tarakilishi ilifanye kwa sekunde mbili. Msimu wa 2023/24 nilimaliza wa kumi na moja. Kinyozi alinicheka kila niliponyoa. "Wewe si ndiye wa kompyuta? Mbona kompyuta haikusaidii?" Nikaapa.

Tovuti ya FPL ina mlango wa nyuma ambao programu yako inaweza kubisha na kupewa data yote kwa muundo wa JSON: kila mchezaji, bei yake, dakika alizocheza, pointi zake, majeraha yake, asilimia ya watu waliomnunua. Nikaandika skripti ya Python. Kila usiku saa tisa inaamka, inachota data, inaiweka katika hifadhidata ndogo, halafu inakadiria kila mchezaji atapata pointi ngapi wiki ijayo.

Kisha inachagua timu. Hapa ndipo penye utamu. Fikiria umetumwa soko la Mutindwa na shilingi 1,000. Unataka nyama, nyanya, viazi, ndizi, mafuta. Ukichukua nyama kilo moja, huna pesa ya mafuta. Ukijaza viazi, wageni watakusema. Swali ni: mchanganyiko gani unaotosha mfuko na unafurahisha meza zaidi? Kwa vitu vitano unaweza kukokotoa kichwani. Kwa wachezaji zaidi ya 600 na nafasi 15, michanganyiko ni mingi kuliko mchanga wa pwani. Lakini kuna mbinu za hesabu za zamani zinazoipata iliyo bora bila kujaribu yote, na maktaba za bure za kuzitumia zipo. Unaandika masharti yako (pesa, nafasi, watatu kwa klabu), unabonyeza, timu inatoka. Mara ya kwanza ilipotoka niliruka kitandani, nikagonga kichwa kwenye dari. Ghorofa za Umoja mnazijua.

Timu yenyewe ilikuwa ya ajabu. Haikuwa na Erling Haaland kabisa. Nikachunguza. Kumbe data ya FPL huandika bei kwa sehemu za kumi: Haaland wa milioni 15.0 ameandikwa 150. Programu yangu ikaona mtu huyu anagharimu milioni 150 na mfuko una 100, ikamwacha. Nikarekebisha. Siku iliyofuata ikaniambia mchezaji aliye katika hali bora nchini Uingereza ni kipa wa akiba. Nikachunguza tena. Takwimu ya hali ya mchezaji huja kama maandishi, si namba, na kwa maandishi "9.5" ni kubwa kuliko "10.2", kwa kuwa 9 inakuja baada ya 1. Wanaoanza kujifunza programu, hili liandikeni mahali: usiamini kwamba kinachofanana na namba ni namba.

Msimu ulianza tarehe 16 Agosti 2024, nikiwa na Haaland na Cole Palmer wa Chelsea. Mohamed Salah wa milioni 12.5 programu ilimkataa. Ana miaka 32, ikasema kwa lugha yake, na nusu ya pili ya msimu uliopita alishuka. Nikaikubali. Haaland akafunga mabao matatu dhidi ya Ipswich, wiki iliyofuata tena matatu dhidi ya West Ham. Kinyozi akaanza kuninyoa kwa heshima.

Halafu ikaja wiki ya sita.

Lazima niwaeleze kuhusu dedilaini. Mabadiliko yote hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Ukichelewa dakika moja, umechelewa wiki nzima. Nikaona niandike kipande kingine cha kunitumia ujumbe kwenye simu saa mbili kabla. Data inatoa muda kwa saa za dunia, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Nikaongeza saa tatu. Nikasahau kwamba maktaba niliyotumia ilikuwa imekwisha kuziongeza yenyewe.

Jumamosi tarehe 28 Septemba dedilaini ilikuwa saa saba mchana. Programu yangu ilidhani ni saa kumi. Nilikuwa nimeamua tangu usiku kumpa Palmer ukapteni badala ya Haaland, kwa kuwa Manchester City walikuwa ugenini Newcastle na sikupenda mechi ile. Nikawa nasubiri ujumbe. Nikiwa ndani ya matatu, Jogoo Road, msongamano wa kawaida, simu ikalia. Saa nane kamili. "Zimebaki saa mbili." Nikafungua ukurasa. Umefungwa. Saa nzima iliyopita.

Haaland hakufunga. Alinipa pointi 2, mara mbili ni 4. Jioni ile Palmer alifunga mabao manne dhidi ya Brighton, yote kipindi cha kwanza! Pointi 25. Zingekuwa 50. Fanyeni hesabu: nilipata 29 kwa wawili hao mahali pa 52. Pointi 23 zilipotea kwa sababu ya kujumlisha mara mbili. Kariri namba hiyo, tutaihitaji.

Baada ya hapo kila kitu kilianza kunyooka, kisha kupinda. City waliporomoka: kati ya mwisho wa Oktoba na siku iliyofuata Krismasi walishinda mechi 1 katika 13. Programu ilichelewa kuliona hilo kwa sababu niliipa kumbukumbu ndefu mno. Ilikuwa bado inamkumbuka Haaland wa Agosti. Novemba nikaikatalia kwa mara ya kwanza na kumnunua Salah. Wakati huo soja wetu alikuwa naye tangu siku ya kwanza, na alikuwa anaongoza ligi kwa pointi nyingi tu.

Tarehe 7 Desemba nilikwenda kunyoa. Programu ilikuwa imesema kapteni ni Salah, dhidi ya Everton. Kinyozi akiwa na wembe shingoni mwangu akauliza, "Kapteni nani leo?" Nikamwambia. Akacheka mpaka akaweka wembe chini. "Wewe hujasikia? Kuna dhoruba Liverpool. Mechi imeahirishwa." Alikuwa amesikia redioni asubuhi. Skripti yangu ilikuwa inasoma majeraha, kadi, dakika, kila kitu, ila haikuwa na safu ya upepo. Nikabadilisha pale pale kwenye kiti, nusu ya kichwa kimenyolewa. Nikampa Palmer, akafunga penalti mbili siku ya pili katika ushindi wa 4-3 dhidi ya Tottenham. Kinyozi hakunidai pesa siku hiyo. Alinidai wiki iliyofuata, mara mbili.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Ninaishi na binamu yangu, mtoto wa shangazi. Alikuja Nairobi kusoma chuo, mwaka wa pili sasa. Ni kijana mpole, mwepesi wa hesabu kuliko mimi. Tangu Septemba alikuwa akinisaidia: nikikwama kwenye hesabu anasogeza kiti, anasoma, anasema, "Kaka, hapa umegawanya vibaya." Nilifurahi kuwa na mtu wa kuzungumza naye mambo haya nyumbani. Nyumba ya mtu wa programu huwa na ukimya mwingi.

Ili kukadiria pointi za mabeki, nilihitaji kujua uwezekano wa kila timu kutofungwa, na kutoka hapo ni hatua moja tu kupata uwezekano wa kila timu kushinda. Nikaongeza safu. Liverpool kushinda: asilimia 70. Arsenal kushinda: asilimia 68. Namba safi, zilizopangwa vizuri. Januari binamu akaniuliza kama ninaweza kumtumia faili hiyo kila Ijumaa. Nikaona ni mwanafunzi anayependa data. Nikaiwekea hata rangi, kijani kwa zaidi ya asilimia 65. Niliona fahari. Hilo ndilo linaloniuma: niliona fahari.

Wiki ya 24 ilikuwa maalum. Mechi ile iliyoahirishwa kwa dhoruba ilipangwa humo, kwa hiyo Liverpool walicheza mara mbili ndani ya wiki moja. Soja alitumia kadi ya kapteni mara tatu kwa Salah. Tarehe 1 Februari Salah akafunga mawili dhidi ya Bournemouth. Usiku wa tarehe 12 Februari, mechi ya Everton, tulijazana kwa kinyozi mpaka wengine wakasimama mlangoni. Mechi ilianza saa nne na nusu usiku kwa saa zetu. Salah akatoa pasi ya bao, kisha akafunga. Soja alikuwa amevaa sare ya kazi, ameomba mwenzake amshikie geti dakika chache, analia kwa furaha. Pointi 29 mara tatu, 87! Hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho pale.

Liverpool walikuwa mbele 2-1. Dakika za nyongeza, zile za mwisho kabisa, beki wa Everton James Tarkowski akapiga shuti la nguvu likaingia. 2-2. Kelele, vicheko, mzee wa Arsenal anacheza. Kwetu sisi lile bao halikubadilisha kitu, pointi za Salah zilikuwa zimeshaingia. Nikageuka kumtazama binamu tucheke pamoja. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, simu mkononi, uso umekuwa kama karatasi. Akaamka akatoka bila kuaga.

Nilimkuta juu ya paa, kwenye kamba za nguo. Hakutaka kusema. Kisha akasema yote kwa mkupuo mmoja.

Mwanzoni mwa muhula shangazi alikuwa amemtumia shilingi 42,000 za karo. Alikuwa amezitumia kubeti. Kwanza 200, akashinda. Kisha 500, akashinda tena. Kisha akapoteza, akaongeza ili arudishe, akapoteza. Zilipobaki 6,000 akaweka zote kwenye mkeka mmoja wa mechi saba, zote za kijani kutoka kwenye faili yangu. Sita zilikuwa zimetimia. Ya saba ilikuwa Liverpool kuifunga Everton. Angepata zaidi ya 63,000. Zilikuwa zimebaki sekunde.

"Lakini kaka," akaniambia, "wewe uliandika sabini."

Wasomaji wangu, nimeandika programu kwa miaka mingi. Nimeharibu seva za watu, nimefuta data usiku wa manane. Sijawahi kuambiwa neno likaniingia kama hilo.

Hatukulala. Mnamo saa tisa, skripti yangu ilipoamka na kuanza kuchota data kama kawaida yake, nilichukua karatasi tukafanya hesabu ambayo ningepaswa kumwonyesha Januari. Nawaandikia na ninyi, kwa sababu najua wengi wenu mna mdogo wenu, au ninyi wenyewe.

Asilimia 70 ni nyingi kwa mechi moja. Lakini mkeka unataka zote saba zitimie, kwa hiyo unazidisha: 0.7 mara 0.7, mara saba. Jibu ni 0.082. Yaani mikeka 8 tu katika 100 itatoka. Sasa, kwa mechi za namna hiyo kampuni hulipa kama mara 1.4 kwa kila moja. Zidisha mara saba, unapata mara 10.5 hivi. Weka shilingi 100 kwenye kila mmoja wa mikeka 100. Umetoa 10,000. Nane zinatoka, kila moja inakurudishia kama 1,054. Umepata 8,432. Umepoteza zaidi ya 1,500, na hapo tumechukulia kwamba namba zangu ni sahihi kabisa!

Hazikuwa sahihi. Programu yangu ilikuwa na majivuno kidogo, kama mwenyewe. Tuseme ukweli ulikuwa asilimia 68 mahali pa 70. Tofauti ya mbili tu, nani angeiona? Zidisha mara saba: mikeka inayotoka inashuka hadi karibu 7 katika 100, na unarudi nyumbani na takriban 7,000. Kosa dogo likizidishwa mara saba si dogo tena. Na kampuni inaijua hesabu hii kuliko mimi. Bei zake zimepangwa hivyo tangu mwanzo. Mkeka unavyokuwa mrefu, ndivyo faida yao inavyozidishwa.

Binamu aliitazama karatasi muda mrefu. Yeye ndiye mwepesi wa hesabu, nimewaambia. Akasema polepole, "Hii naijua. Tulifundishwa muhula wa kwanza." Kujua hesabu na kuikumbuka ukiwa na simu mkononi saa tano usiku ni vitu viwili.

Asubuhi niliifuta safu ile. Ilinichukua mistari minne. Nikapima pia jambo ambalo nilikuwa nimeliogopa: nililinganisha makadirio yote ya programu yangu na wastani wa kawaida wa mechi nne za mwisho za kila mchezaji, hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano anaweza kufanya. Yangu ilikuwa bora, ndiyo. Kwa kiasi kidogo sana, kidogo cha kuaibisha. Wiki sita za kazi na dari niliyoigonga, kwa ajili ya hicho.

Karo? Nilikuwa na akiba ya kununua tarakilishi mpya. Nikatoa 20,000. Chuo kilikubali alipe zilizobaki kwa awamu. Kinyozi akampa kazi ya Jumamosi na Jumapili, kufagia, kuosha vichwa na kukusanya pesa. Sikumwambia kinyozi sababu, na hakuuliza. Nadhani alijua, watu waliokuwa mle usiku ule wote waliona uso wake. Kwa shangazi sikupiga simu mimi. Nilimwambia binamu kwamba habari hiyo ni yake kuipeleka. Ilimchukua hadi Aprili. Alipiga akiwa juu ya paa, nami nikakaa kwenye ngazi. Sikusikia maneno ya shangazi, nilisikia tu yake: "Ndiyo mama. Ndiyo. Ndiyo mama." Dakika arobaini.

Mwisho wa mwezi huo huo, tarehe 29 Aprili 2025, bodi ya serikali iliyokuwa ikisimamia michezo ya kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Runinga ya kwa kinyozi ikawa kimya kidogo wakati wa mapumziko. Nilimuuliza binamu kama inasaidia. Akasema, "Kaka, tangazo langu halikuwa kwenye runinga." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaosha taulo.

Liverpool walikuwa wamekwisha kutwaa ubingwa siku mbili kabla, kwa kuichapa Tottenham 5-1. Msimu ukafungwa tarehe 25 Mei. Salah alimaliza na mabao 29, pasi za mabao 18 na pointi 344, ambazo hakuna mchezaji aliyewahi kuzifikisha katika historia ya FPL. Na programu yangu ilimkataa Agosti kwa sababu ya umri.

Ligi ya Kinyozi: wa kwanza, soja. Nilimuuliza mbinu yake, nikiwa na kalamu kabisa. Akanitazama kama mtu aliyeuliza maji yanapatikana wapi mtoni. "Boss, Salah amecheza mechi zote 38. Mtu anayekuja kazini kila siku, unamwacha wa nini?" Mimi nilikuwa wa nne, nje ya pesa. Wa tatu, mwalimu wa Donholm, alinipita kwa pointi 11. Mnakumbuka ile 23? Basi.

Msimu wa 2025/26 ulipoanza, sheria ziliongezwa: beki akifikisha vitendo 10 vya kuzuia katika mechi anapata pointi 2. Mzuka wa programu ukanipanda tena, safu mpya, hesabu mpya! Nikajizuia. Siku hizi skripti yangu inafanya kazi mbili tu. Inachagua timu kwa wastani ule wa darasa la tano, na inanitumia ujumbe siku moja nzima kabla ya dedilaini, kwa saa za Nairobi, zilizojumlishwa mara moja. Faili ya Ijumaa haipo tena.

Binamu naye aliomba kuingia kwenye ligi. Tulijadili kwa kinyozi bila yeye kuwepo, maana wengine walikuwa na wasiwasi: shilingi 500 nazo ni pesa. Mama wa chapati akakata shauri. Akasema aingie, lakini pesa yake aitoe kutoka kwenye mshahara wa kufagia, aihesabu mbele yake noti kwa noti, na asipewe kwa mkopo na mtu yeyote, hasa mimi. Akaihesabu. Timu yake ameiita Karo FC.

Haya, nimemaliza. Wiki ijayo nitarudi kwenye mambo yetu ya kawaida. Kuna aliyeniuliza jinsi ya kuokoa picha kutoka kwenye simu iliyoanguka ndani ya maji, sijamsahau. Na kama uko kwenye ligi yoyote, angalia dedilaini sasa hivi. Nitakusubiri.